Altare Yenu Ivae Nini: Nyeupe Pekee, Rangi Nne, Seti Kamili au Kitenge?

Kanisa limeshaezekwa, fundi seremala ameleta meza ya altare, na mfuko wa kina mama una fedha ya mita chache tu za kitambaa. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Mmoja anataka zambarau kwanza, maana Kwaresima iko mlangoni. Mwingine anasema nyeupe inatosha mwaka mzima, mbona wazee wetu walisali mbele ya kitambaa cheupe na Mungu akawasikia. Wa tatu alisali kanisa moja la mjini akaona waridi na dhahabu, na moyo wake umebaki huko. Wa nne anauliza kwa nini tusitandike kitenge, ilhali ndiyo nguo tunayoivaa siku ya furaha.

Wote wanne wana hoja. Nimekaa kwenye vikao vya namna hii miaka mingi, nikiwa mshonaji na mfuaji wa vitambaa vya kanisa, na sijakutana na kikao ambacho mmoja wa hao wanne hakuwa na la maana la kusema. Nawaandikia ninyi mlio katika kikao hicho sasa, iwe ni kamati ya kigango, wazee wa mtaa au kina mama wa usharika.

Tutenganishe kwanza vitambaa viwili

Ubishi mwingi unatokana na kuchanganya vitu viwili. Kuna kitambaa cha juu, kinachotandikwa juu ya meza yenyewe, ambacho mkate na kikombe huwekwa juu yake. Hicho ni cheupe majira yote. Kwa Wakatoliki jambo hili limeandikwa: maelekezo ya Misale ya Kirumi, yaani kitabu cha Misa, ibara ya 304, yanataka altare iwe na walau kitambaa kimoja cheupe. Kabla ya mageuzi ya mwaka 1969 vilitakiwa vitatu, vya kitani, vilivyobarikiwa. Waanglikana nao wana desturi yao ya zamani: kanuni za Kanisa la Uingereza za mwaka 1604 ziliagiza meza ifunikwe kwa hariri au kitambaa kingine cha heshima wakati wa ibada, na wakati wa Ushirika itandikwe kitani safi.

Kisha kuna kitambaa cha mbele, kile kinachoning'inia kuelekea waumini, pamoja na wenzake wa mimbari na wa meza ya kusomea. Hiki ndicho kinachobadilika rangi. Kwa hiyo anayesema "nyeupe" na anayesema "zambarau" mara nyingi hawapingani kabisa. Wanazungumzia vitambaa viwili vinavyokaa pamoja.

Kitambaa cheupe cha juu kinakumbusha meza ya karamu, na kinakumbusha sanda. Yohana anasimulia kwamba Petro alipoingia kaburini aliona vitambaa vya sanda vimelala, na ile leso ya kichwani imewekwa mbali, mahali pa peke yake. Jumamosi jioni ninapokunja koporale, kile kitambaa kidogo cha mraba kinachokaa chini ya mkate na kikombe, naikunja sehemu tatu kwa upande mmoja na sehemu tatu kwa mwingine, mpaka ikifunguliwa mikunjo iache miraba tisa. Jina lake limetokana na neno la Kilatini la mwili. Kila mara naikumbuka ile leso, na mikono inapunguza haraka yenyewe.

Maswali manne ya kupimia

Nitapima kila njia kwa maswali yaleyale. La kwanza, kitambaa kinamwambia nini mtu anayeingia kanisani, hasa yule asiyesoma kalenda: mtoto wa shule ya Jumapili, au bibi ambaye macho yake hayaoni tena maandishi ya kitabu cha nyimbo? La pili, taratibu za kanisa lenu zinadai nini, na zinawaachia nini mwamue wenyewe? La tatu, nani atafua, nani atabadilisha, na vitambaa vitalala wapi kati ya msimu na msimu? La nne, ni mita ngapi?

Kwa mita nimechukua meza yenye urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 80, na kitambaa chenye upana wa sentimita 150. Ninyi pimeni ya kwenu, na mpime baada ya meza kufika, maana meza ya kwenye mchoro na meza aliyoileta fundi huwa zinapishana.

Njia ya kwanza: nyeupe pekee mwaka mzima

Nyeupe ni rangi ya Noeli na Pasaka, ya sikukuu za Bwana zisizohusu mateso yake, ya Bikira Maria, ya malaika, na ya watakatifu ambao hawakuuawa kwa ajili ya imani. Marko, anaposimulia Yesu alivyogeuka sura mlimani, anasema mavazi yake yalikuwa meupe kuliko dobi yeyote duniani angeweza kuyafanya. Nafurahi kwamba mwinjili alimkumbuka dobi.

Udhaifu wake ni kwamba kanisa linakaa Pasaka miezi kumi na miwili. Jumatano ya Majivu inapita, Majilio, yale majuma manne kabla ya Noeli, yanapita, na jicho halijaambiwa kitu. Lakini nyeupe pekee ina sauti moja kubwa ambayo watu huisahau: inaweza kuondolewa. Wakatoliki huivua altare baada ya Misa ya jioni ya Alhamisi Kuu, na Walutheri na Waanglikana wengi hufanya vivyo hivyo. Kanisa lenye kitambaa kimoja tu cheupe, likikiondoa usiku ule na kuiacha mbao tupu Ijumaa Kuu, limesema jambo ambalo hata mtoto wa miaka minne ataliuliza.

Kwa upande wa taratibu, hapa kuna habari njema kwa kigango cha Kikatoliki. Kanuni ya rangi, ibara ya 346, inahusu mavazi ya ibada, yaani stola na kasula ya padre. Kitambaa cha rangi mbele ya altare ni nyongeza nzuri, lakini hakidaiwi. Padre akija na kasula ya zambarau, altare yenye kitambaa cheupe haijavunja chochote. Waanglikana nao wana historia mbili. Makanisa yaliyopandwa na UMCA, shirika la wamisionari wa Kianglikana, kama Zanzibar na kusini mwa Tanzania, yalirithi kasula, ubani na rangi za majira. Yale yaliyopandwa na CMS, shirika jingine la wamisionari wa Kianglikana, kama Dodoma na sehemu kubwa ya Kenya na Uganda, kwa kiasi kikubwa yalirithi meza isiyo na mapambo mengi. Anayetoka upande mmoja asidhani mwenzake amepungukiwa na imani.

Kufua ni rahisi kuliko njia zote. Hakuna rangi ya kuchujuka, maji ya moto yanaruhusiwa, na doa linaonekana mapema kabla halijazoea. Mita tatu na nusu zinatosha kitambaa kimoja kinachoshuka sentimita 60 kila ubavu, ukihesabu pindo na kusinyaa. Nunueni saba, mshone viwili, ili kimoja kiwe mezani kingine kikiwa kwenye kamba.

Njia hii inawafaa wanaosali darasani au kwenye ukumbi na kukunja kila kitu baada ya ibada, vigango vinavyopata padre mara moja kwa mwezi, na makanisa ambayo desturi yake ni meza isiyopambwa.

Njia ya pili: nyeupe, kijani, zambarau na nyekundu

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo makanisa mengi yanapoishia.

Hesabu ya rangi nne ni ya zamani. Kardinali Lotario, aliyekuja kuwa Papa Inosenti III mwaka 1198, alieleza desturi ya Roma ya wakati wake na kutaja nne kuu: nyeupe, nyekundu, nyeusi na kijani. Zambarau aliihesabu jirani ya nyeusi. Misale ya Papa Pius V ya mwaka 1570 ndiyo iliyoufanya mpangilio huo kuwa wa lazima karibu kote kwa Wakatoliki. Baadaye zambarau ilisogea mbele, na nyeusi ikabaki nyuma kwa siku chache.

Nyeupe tumeshaisema. Kijani watu hupenda kuifafanua kuwa ni majani na uhai, na ni kweli, lakini hebu simama mlangoni mwa kanisa la Dodoma mwezi wa Agosti. Ndani altare imevaa kijani, nje nyasi zimekauka mpaka vumbi linapita kati yake. Na Pasaka, inapoangukia masika, nje ndiko kwenye kijani na ndani kuna nyeupe. Waliopanga rangi hizi walikuwa na hali ya hewa nyingine. Inosenti mwenyewe alitoa sababu isiyotegemea mvua: kijani iko katikati, kati ya nyeupe, nyeusi na nyekundu, basi ikapewa siku ambazo si karamu wala si maombolezo. Ni rangi ya Jumapili za kawaida, au kama Walutheri wanavyozihesabu, Jumapili baada ya Utatu. Ni rangi ya kulima polepole. Watoto wa Dodoma nimewaambia kwamba altare imevaa kijani ili ituahidi, na wakaelewa bila shida.

Zambarau ni ya Majilio na Kwaresima. Ilikuwa rangi ghali kuliko zote, ikitolewa kwa konokono wa baharini wa pwani ya Tiro, na ndiyo maana Lidia wa Thiatira, mwuzaji wa zambarau katika Matendo ya Mitume, aliweza kuwa na nyumba ya kuwakaribisha mitume. Askari walimvika Yesu zambarau ili wamdhihaki kama mfalme. Kwa hiyo inabeba mambo mawili kwa pamoja, ufalme na toba, na mhubiri anayeieleza kama rangi ya huzuni peke yake anaacha nusu ya mali.

Nyekundu ni moto na damu. Pentekoste, mitume, wafiadini. Tarehe 3 Juni Wakatoliki huvaa nyekundu kwa Karoli Lwanga na wenzake, walioteketezwa Namugongo mwaka 1886 na wenzao waliouawa siku nyingine, 22 kwa jumla, ambao Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mwaka 1964. Waanglikana nao huwakumbuka wafiadini wao waliokufa pamoja nao. Walutheri wengi huitundika nyekundu tarehe 31 Oktoba, sikukuu ya Matengenezo, na kwenye ibada za kubariki wachungaji. Kwa Ijumaa Kuu makanisa hutengana: Wakatoliki, tangu Misale ya mwaka 1970, hutumia nyekundu, wakati Walutheri wengi hutumia nyeusi au huiacha meza tupu. Na kama mnasali katika nchi ya Wamasai, ambako shuka nyekundu ni vazi la kila siku, nyekundu ya Pentekoste haitamshtua mtu kwa rangi yake peke yake. Itabidi neno lisaidie jicho.

Taratibu za Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana wenye desturi ya majira zote zinatoshelezwa na rangi hizi nne. Walutheri wana uhuru zaidi kidogo: Ungamo la Augsburg, tamko lao la imani la mwaka 1530, katika kifungu cha saba, linasema si lazima desturi zilizowekwa na wanadamu zifanane kila mahali. Hata hivyo kalenda ya kanisa lenu ndiyo ya kufuata, ili mgeni akitoka mtaa wa pili akute wiki ileile.

Mita zake ni nafuu kuliko watu wanavyodhani. Kata urefu wa mita 2 na sentimita 10. Katika upana wa sentimita 150, chukua 95 kwa ajili ya kitambaa cha mbele. Utabaki na ukanda wa sentimita 55, ambao ukiukata katikati unatoa kitambaa cha mimbari na cha meza ya kusomea, kila kimoja na zaidi ya mita moja ya kushuka. Yaani rangi nne ni mita nane na nusu hivi. Hesabu hii ni ya kitambaa kisicho na maua. Kama kina ua lenye juu na chini, ua la altare litalala ubavu wakati la mimbari limesimama, na kosa hilo huonekana hata kutoka viti vya nyuma. Kitambaa cha mbele kishonee kipande cha marekani, ile pamba nzito isiyotiwa rangi, upande wa juu. Kipande hicho hulala mezani, chini ya kile cheupe, na uzito wake huzuia kitambaa kisiteleze.

Sasa kufua, na hapa nina jambo la kuungama. Katika kanisa moja nililotumikia tulinunua nyekundu nzuri ya pamba, tukaishona usiku, tukaitundika Pentekoste asubuhi. Paa lilikuwa linavuja mahali padogo. Mvua ilinyesha usiku uliofuata, na Jumatatu nikakuta kitambaa cheupe cha juu, kitani cha pekee tulichokuwa nacho, kimenywa wekundu upande mzima wa mbele, doa lenye ukingo kama wa ramani. Halikutoka. Tangu siku hiyo silishi mkasi kitambaa cha rangi kabla sijakisugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikiacha rangi, hata kidogo, nakirudisha dukani.

Jambo jingine la kukumbuka kabla ya kwenda dukani: kwa kalenda ya Kikatoliki kipindi cha kawaida kina wiki 33 au 34. Kijani inatundikwa zaidi ya nusu ya mwaka, na kama dirisha liko upande wa jua, inapauka kuliko zote. Kamati nyingi huweka fedha nzuri kwenye nyeupe ya Pasaka na kununua kijani ya bei ya chini. Mimi ningegeuza.

Njia hii inawafaa wenye ibada kila Jumapili, mahali pa kutunzia, na mtu mmoja au wawili wenye moyo wa kubadilisha. Hilo la mwisho ni zito kuliko mita. Zambarau iliyosahaulika mpaka Jumapili ya tatu baada ya Pasaka inawafundisha watu kwamba rangi hazina maana.

Njia ya tatu: seti kamili

Hapa zinaongezeka waridi, nyeusi, dhahabu, na pengine bluu.

Waridi ni ya Jumapili mbili tu: ya tatu ya Majilio na ya nne ya Kwaresima, ambazo nyimbo zake za kuingilia za Kilatini zinaanza kwa neno la kufurahi. Ni kama mtu aliyefunga safari ndefu akaona moshi wa nyumbani kwao kwa mbali. Nyeusi ni ya wafu mahali penye desturi hiyo, na ya Ijumaa Kuu kwa Walutheri wengi. Dhahabu ni ya sikukuu kubwa, na kwa Wakatoliki agizo la Vatikani la mwaka 2004 linaruhusu dhahabu au fedha zichukue nafasi ya rangi nyingine siku hizo, ila si ya zambarau wala nyeusi.

Bluu inahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndiyo inayoleta mashaka. Walutheri wa Amerika Kaskazini, katika kitabu chao cha ibada cha mwaka 1978, waliipa bluu nafasi ya kwanza kwa Majilio ili kuyatofautisha na Kwaresima: kungoja si sawa na kutubu. Waanglikana baadhi nao hufanya hivyo. Sharika za kwetu zenye marafiki ng'ambo hupokea seti kama zawadi, na ndani ya sanduku mna bluu, na mzee wa kanisa anauliza ni ya nini. Ukiweka bluu na zambarau kwenye mizani, bluu inawapa watu Majilio yenye uso wake, na zambarau inawakumbusha kwamba Majilio pia ni kujiandaa kwa toba, sauti ya Yohana Mbatizaji jangwani. Kwa Wakatoliki mizani hiyo haipo, Majilio ni zambarau. Kwa Walutheri na Waanglikana mwulizeni mchungaji kwanza, kisha mwaka wa kwanza wa bluu uelezwe mimbarini, vinginevyo waumini watadhani ni ya Bikira Maria au ya shule.

Kufua na kutunza ndiko kunakochosha. Uzi wa dhahabu haupendi maji wala kukunjwa, unataka kuviringishwa kwenye bomba la karatasi. Nyeusi huliwa na nondo kwa sababu inakaa sandukuni mwaka mzima bila kufunguliwa. Seti ya rangi nane ni mita kumi na saba, lakini mita ndizo sehemu ndogo ya gharama. Kabati lisiloingia unyevu, na fundi wa kutarizi, ndivyo vinavyokula fedha.

Inayafaa makanisa makuu, parokia zenye sakristia, chumba cha kutunzia vyombo na mavazi ya ibada, na mtu wa kukisimamia, na sharika ambako nusu ya waumini wamekulia katika majira na watajua tofauti. Mahali hapo waridi ya Jumapili mbili huleta furaha ya kweli, nimeiona kwenye nyuso.

Njia ya nne: kitenge na nguo za kwetu

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, uliwapa maaskofu uwezo wa kulinganisha vitambaa na umbo la vifaa vya ibada na mahitaji ya nchi zao, na Misale, ibara ya 343, inakubali nguo za asili za kila mahali ziwe mavazi ya ibada pamoja na zile za mapokeo. Kongo walikwenda mbali kwa namna yao: taratibu ya Misa kwa majimbo ya Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo, iliidhinishwa mwaka 1988. Kwa hiyo anayesema kitenge ni dharau kwa altare hana msingi wa kanisa.

Kinasema nini? Kinasema Mungu anakaa kwetu. Bibi aliyevaa kitenge kilekile anajiona mezani. Ila kitenge chenye rangi sita hakiwezi kusema "hii ni Kwaresima", na hapo ndipo kinapodai kazi ya ziada. Suluhisho nililoliona likifanya kazi vizuri ni kuchagua kitenge kwa rangi inayotawala, kijani kwa kipindi cha kawaida, zambarau kwa Majilio, kisha kukishona kama mkanda wa sentimita 30 katikati ya kitambaa kisicho na maua chenye rangi hiyohiyo. Jicho la mbali linaona majira, jicho la karibu linaona nyumbani.

Mkitumia khanga, someni jina lake kabla ya kulipa. Maneno ya khanga mengi ni mafumbo ya jirani kwa jirani, na yakining'inia mbele ya altare waumini watayasoma wiki hadi wiki. Epukeni pia vitenge vya sherehe za vyama na makampuni, hata kama mmepewa bure.

Kitenge cha pamba hufulika vizuri na kipo kila soko, lakini maua yake hubadilika: mwakani hutapata ua lilelile la kuongezea. Nunueni cha akiba siku hiyohiyo. Fundi wa mtaani anatosha.

Inawafaa jumuiya zinazosali nyumba kwa nyumba, sharika za vijana, na kanisa lolote lililo tayari kulieleza jambo kwa wazee wake kabla ya Jumapili ya kwanza.

Neno fupi juu ya kitambaa chenyewe

Kwa kitambaa cha juu, kitani kinanyonya divai iliyomwagika, kinavumilia moto wa pasi na kinazidi kulainika kadiri miaka inavyokwenda. Ni ghali na hakipatikani kila duka. Pamba nzito inafanya karibu yote hayo kwa bei ya kawaida. Polista haisinyai na haidai pasi nyingi, lakini divai huteleza juu yake badala ya kunyonywa, na nta ya mshumaa ikiganda huwezi kuitoa kwa pasi ya moto bila kuyeyusha kitambaa. Polista mimi naipenda kwa kitambaa cha mbele, ambako rangi yake haichujuki ovyo. Kitani na pamba zifueni kabla ya kukata, kwa sababu husinyaa.

Nta iacheni igande, mwikwangue kwa kucha au mgongo wa kisu, kisha wekeni karatasi ya kaki juu na chini na mpitishe pasi ya vuguvugu. Divai isiachwe ikauke, na ianze na maji baridi. Wakatoliki wakumbuke kwamba kusuuza kwa kwanza kwa koporale na vitambaa vya kupangusia kikombe hufanywa kwa mkono, na maji yake humwagwa kwenye sakrario, sinki maalumu ambalo maji yake huingia moja kwa moja ardhini, au ardhini mahali pa heshima, si kwenye mfereji.

Kulingana na hali yenu

Kama ibada ni mara moja au mbili kwa mwezi, au mnakunja kila kitu baada ya baraka, nyeupe mbili nzuri zitawatendea haki kuliko rangi nne za haraka. Tumieni mbao tupu Ijumaa Kuu.

Kama mna ibada kila wiki na fedha inakuja kidogo kidogo, ongezeni rangi moja moja. Mpangilio wangu ni nyeupe, kisha kijani kwa sababu ya wiki zake nyingi, kisha zambarau, na nyekundu mwisho. Lakini kama kanisa lenu limepewa jina la mfiadini, nyekundu isogee mbele, maana sikukuu yenu inaihitaji.

Kama mmepewa seti kamili kama zawadi, ipokeeni kwa shukrani, na msitundike rangi ambayo mchungaji au paroko hajaieleza.

Kama waumini wengi ni wazee waliokulia kwenye nyeupe, na vijana ndio wanaotaka kitenge, anzeni na mkanda kwenye kitambaa cha mimbari peke yake. Kikae majira mawili, kisha muulizane tena.

Kama kinachowatatiza ni mazishi, Wakatoliki wanaweza kutumia zambarau, nyeupe, au nyeusi penye desturi. Nyeupe inaelekeza macho kwenye ufufuko, zambarau inawapa wafiwa nafasi ya kulia. Kwa mtoto mchanga aliyebatizwa mimi hutandika nyeupe bila kuuliza. Kwa wengine namwuliza padre, na nikiweza naiuliza familia.

Na kama kikao kimekwisha bila makubaliano, nunueni kile cheupe cha juu sasa, maana hicho hakuna anayekipinga. Rangi zisubiri mpaka mkae na kalenda ya mwaka ujao mezani, mhesabu kila rangi ina Jumapili ngapi, na pembeni ya kila mwezi muandike jina la mtu atakayefika Jumamosi jioni kubadilisha.